Je, Ni Kweli Mhubiri Yule Alitetea Bangi?



Wiki iliyopita kijana mmoja wa kanisa letu alinitumia ujumbe saa tano usiku. Aliandika hivi: "Pasta, ni kweli Pat Robertson alisema bangi ihalalishwe? Kuna mtu huku chuoni ananiambia hata nyinyi wachungaji mmegawanyika." Nilimjibu kwamba nitaandika. Nilidhani ni mistari mitano tu. Nimekaa na jambo hili siku nne na limekuwa refu, kwa hivyo kama una chai iweke karibu.

Kwanza niseme hili, kwa ajili ya wale wanaosoma aya moja na kukimbia kuisambaza. Mimi sivuti, sikubaliani na kuvuta, na nikikukuta nyuma ya kanisa na msokoto tutaongea, tena tutaongea sana. Mwili wako ni makao ya Roho wa Mungu. Hapo sijasogea. Lakini kijana hakuniuliza kama bangi ni nzuri. Aliniuliza kama watu wanaoamini Biblia kama sisi wamegawanyika juu ya sheria yake, na ukifikiria vizuri utaona hayo ni maswali mawili tofauti. La pili ni swali la historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko Marekani, ambako waamini wenye msimamo mkali kama wetu wamelibishania kwa zaidi ya miaka 50.

Anza na pombe, kwa sababu bangi ilikuja ikifuata nyayo za pombe.

Mwaka 1874 akina mama Wakristo wa Marekani waliunda chama cha kupigana na ulevi, Woman's Christian Temperance Union. Usiwacheke. Walikuwa wanawake waliochoka kupigwa na waume waliokunywa mshahara wote Jumamosi, na ninyi mama zangu mnaosoma hapa mnajua ninachosema. Waliomba, waliimba mbele ya milango ya baa, waliandika barua kwa wabunge. Baadaye makanisa yakaungana nao, na mwaka 1919 katiba ya Marekani yenyewe ilirekebishwa kupiga pombe marufuku. Marufuku ilipoanza kufanya kazi Januari 1920, mhubiri Billy Sunday alifanya mazishi ya pombe huko Norfolk, Virginia. Mazishi kabisa, na jeneza! Umati ukashangilia. Waliamini magereza yangebaki matupu.

Hayakubaki matupu. Pombe iliingia chini ya ardhi, majambazi wakatajirika, polisi wakanunuliwa. Mwaka 1933 marekebisho yale yakafutwa. Kanisa la Marekani lilishinda vita katika katiba, kisha likapoteza katika muda wa miaka 14. Jeraha hilo lilibaki. Kuna waamini waliotoka hapo wakisema, "Tulilegea, tungekaza zaidi." Kuna wengine waliosema, "Sheria haiwezi kufanya kazi ya Roho Mtakatifu." Mabishano yote ya bangi yaliyofuata ni watoto wa sentensi hizo mbili.

Sasa bangi. Hapa nilishangaa, kwa sababu nilidhani makanisa ndiyo yaliyoongoza kuipiga marufuku. Sivyo. Sheria kubwa ya kwanza ya taifa ni ya mwaka 1937, na aliyeisukuma alikuwa mtumishi wa serikali aitwaye Harry Anslinger, mkuu wa ofisi ya kupambana na mihadarati. Habari alizosambaza zilijaa hofu ya Wameksiko na watu weusi, hasa wanamuziki. Daktari William Woodward alifika mbele ya wabunge kwa niaba ya chama cha madaktari cha Marekani na kuipinga sheria hiyo, akisema ushahidi walioletewa ni wa magazeti tu. Hakusikilizwa. Ilipita haraka, wala si kwa sababu ya mstari wowote wa Biblia.

Sisemi bangi haina madhara. Ninasema, mpendwa, kwamba sheria ambayo baadaye tuliilinda kana kwamba ilishuka na Musa mlimani haikuandikwa na kanisa, na sehemu ya wino wake ilikuwa chuki ya rangi. Sisi watu weusi hatupaswi kupita hapo kwa kukimbia.

Kanisa letu la kipentekoste liliingia katika jambo hili kwa mlango mwingine, na mlango huo ninaujivunia. Mwaka 1958 mchungaji kijana wa Assemblies of God, David Wilkerson, alitoka kijijini kwake Pennsylvania akaenda New York kwa ajili ya vijana wa magenge. Hakuwa na bajeti. Hakuwa mtaalamu wa dawa za kulevya. Wengi wenu mmesoma kitabu chake au mmetazama filamu yake, na jina la Nicky Cruz mnalijua. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa Teen Challenge, nyumba za kuwasaidia waliofungwa na mihadarati. Miaka kumi hivi baadaye, California, mahipi waliokuwa wakivuta bangi na kumeza dawa kali zaidi wakaanza kuokoka kwa makundi na kubatizwa baharini. Chuck Smith wa Calvary Chapel aliwapokea peku, nywele ndefu, wakinuka moshi.

Ndiyo maana mpentekoste akisikia neno "kuhalalisha" moyo wake unaruka. Kwetu sisi jambo hili lina nyuso. Tunao watu katika kwaya zetu ambao walitolewa huko. Shemasi mmoja wa kanisa letu alivuta miaka kumi na moja, na ukimwambia bangi haimfungi mtu atakutazama tu bila kukujibu.

Lakini angalia Wilkerson alifanya nini. Alikwenda. Alilala kwenye gari lake. Sheria ilikuwepo tayari na ilikuwa kali, na haikumtoa kijana hata mmoja katika genge.

Miaka ya 1970 serikali ikakaza. Sheria ya 1970 iliiweka bangi katika kundi moja na heroini. Mwaka 1971 Rais Nixon alitangaza matumizi ya mihadarati kuwa adui nambari moja wa taifa. Aliteua tume, na tume hiyo mwaka 1972 ikamrudishia jibu asilolitaka: mtu akishikwa na kidogo cha kuvuta mwenyewe, asifanywe mhalifu. Nixon akaikataa ripoti ya tume yake mwenyewe. (Sisi Wakenya tunazijua ripoti za tume na mahali zinapolala.)

Mwaka huohuo wa 1972 nyufa zikaanza upande wa wahafidhina. Gazeti la National Review, lililokuwa kama mimbari yao, lilichapisha makala ya Richard Cowan yakiwasihi wahafidhina wabadilishe msimamo wao juu ya bangi. Mwanzilishi wa gazeti hilo, William F. Buckley, Mkatoliki wa kwenda misa hasa, akakubaliana naye. Buckley alisimulia kwamba aliwahi kuionja bangi katika mashua yake ya matanga, akiwa amevuka mpaka wa maji ya Marekani ili asivunje sheria. Mimi nimecheka, lakini pia nimejiuliza ni maskini gani mwenye mashua ya kumpeleka nje ya mipaka ya sheria kabla hajawasha. Mwaka 1996 gazeti lake likatangaza waziwazi kwamba vita dhidi ya mihadarati vimeshindwa. Hoja yake haikuwa kwamba bangi ni njema. Hoja ilikuwa kwamba gharama ya kuipiga vita kwa pingu na magereza imezidi madhara ya bangi yenyewe.

Huyo alikuwa mwandishi tajiri, na waamini wengi wangeweza kumpuuza. Aliyefuata hangepuuzwa.

Chuck Colson alikuwa mtu wa Nixon, tena wa ndani. Katika kashfa ya Watergate alikiri kosa, akafungwa miezi saba mwaka 1974. Alikuwa amempokea Yesu muda mfupi kabla ya kufungwa, na wengi walisema ni maigizo. Alipotoka, badala ya kuficha uso wake, mwaka 1976 alianzisha Prison Fellowship, huduma ya wafungwa. Colson hakuwa mtetezi wa bangi. Lakini alikuwa amelala ndani, amewaona walio ndani, na huduma yake ikawa sauti ya kihafidhina iliyosema adhabu za mihadarati zimepita kiasi. Shirika lake liliendelea na kazi hiyo hata baada ya kifo chake Aprili 2012, na lilikuwa miongoni mwa waliosukuma sheria ya 2018 iliyopunguza vifungo virefu vya Marekani.

Unaona tofauti? Kulikuwa na waamini waliosema "bangi ni dhambi, kwa hivyo afungwe", na sasa kukawa na waamini waliosema "bangi ni dhambi, lakini miaka hii yote ya jela ni dhambi nyingine."

Sasa nimefika kwa Pat Robertson, na kijana wangu nijibu swali lako moja kwa moja. Ndiyo, alisema. Na hapana, hakusema uvute.

Kwa wale wadogo wasiomjua: Robertson alianzisha kituo cha televisheni cha CBN mwaka 1960, akaendesha kipindi cha The 700 Club, na mwaka 1988 aligombea kuteuliwa kuwania urais kwa chama cha Republican. Alikuwa mtu wa karama kama sisi, wa kunena kwa lugha na kuombea wagonjwa hewani. Hakuna aliyeweza kumwita mwamini wa kisasa aliyelegea. Desemba 2010, katika kipindi chake, alisema kuwafunga vijana kwa kushikwa na bangi kidogo kunawaharibu, wanaingia wakiwa watoto na kutoka wakiwa wahalifu kamili. Kukawa na kelele. Msemaji wake akatoka haraka kueleza kwamba hakutaka sheria ifutwe. Wengi wakapumua.

Machi 2012 mzee huyo, akiwa na umri wa miaka 81, akairudia na kuikaza. Aliliambia gazeti la New York Times kwamba bangi ishughulikiwe kama pombe inavyoshughulikiwa. Akasema yeye hajawahi kuitumia wala hana mpango. Akasema hatafanya kampeni. Kilichomsukuma ni hesabu ya magereza: Marekani haifiki asilimia 5 ya watu wa dunia, lakini ilikuwa na karibu robo ya wafungwa wa dunia. Ni kweli kwamba wengi wa wafungwa hao hawakufungwa kwa bangi pekee. Lakini mwaka huo wa 2012 polisi wa Marekani walikamata watu kwa makosa ya bangi zaidi ya mara 700,000, na kukamatwa tu kunatosha kumnyima mtu kazi.

Ndugu zake wengi katika imani walimpinga. Shirika la Focus on the Family, lile lililoanzishwa na James Dobson na ambalo redio zetu zilirusha mafundisho yake ya kulea watoto, lilibaki upande wa kupinga. Hoja yao ilikuwa nzito: sheria pia ni mwalimu. Ukiondoa alama ya "hatari" barabarani, dereva mgeni atadhani hakuna shimo. Mimi ninaikubali hoja hiyo hadi leo. Novemba 2012 majimbo ya Colorado na Washington yakapiga kura kuhalalisha bangi ya starehe, na Focus on the Family makao yake yako Colorado Springs, ndani ya Colorado hiyohiyo.

Na katika mji huohuo wa Colorado Springs kulikuwa na msichana mdogo.

Alikuwa na kifafa cha aina mbaya, kilichokuwa kikimshika karibu mara 300 kwa wiki. Hebu soma tena. Mara 300 kwa wiki. Dawa zote za hospitali zilishindwa. Mama yake, baada ya kukosa njia nyingine, alimpa mafuta yaliyotengenezwa kutokana na bangi iliyopunguzwa sana kile kinacholevya. Kifafa kikapungua mpaka kikawa mara chache kwa mwezi. Televisheni ya CNN ilionyesha habari yake Agosti 2013, na hapo mjadala ukahama kutoka kwa wanasiasa kwenda jikoni kwa akina mama Wakristo.

Wapendwa, mama mwenye mtoto mgonjwa hajali wewe ni mhafidhina wa aina gani. Mwaka 2014, majimbo ambayo huwezi kuyashuku ulegevu, kama Utah, Alabama na Mississippi, yalipitisha sheria za kuruhusu mafuta hayo kwa wagonjwa wa kifafa. Mwaka 2018 serikali ya Marekani ikaidhinisha dawa ya hospitali iliyotokana na mmea huo kwa aina mbili kali za kifafa cha watoto. Ikapimwa, ikapewa dozi, ikaandikwa na daktari. Tusichanganye hiyo na moshi wa nyuma ya stendi. Lakini pia tusijifanye kwamba ni mmea mwingine.

Utah nitakaa kidogo, kwa sababu hapo kuna jambo la kujifunza hata kwa sisi ambao kimafundisho hatukubaliani na Wamormoni. Wamormoni hawanywi hata kahawa. Mwaka 2018 wakazi wa Utah walikusanya sahihi ili bangi ya matibabu ipigiwe kura. Mwezi Agosti kanisa la Mormoni likatangaza kupinga. Lakini waumini wake wenyewe walikuwa wamegawanyika, wenye saratani, wenye maumivu yasiyoisha, wazazi wa watoto wenye kifafa. Basi viongozi wa kanisa wakafanya jambo ambalo sisi huwa hatulifanyi. Waliketi meza moja na wapinzani wao. Mwezi Oktoba wakatangaza mwafaka pamoja na gavana, viongozi wa bunge la jimbo na kikundi cha wagonjwa: bangi kama dawa, kwa maelekezo ya daktari, kupitia duka la dawa, hakuna kuvuta, hakuna kujipandia nyumbani. Novemba wananchi wakaipitisha kura yao ya awali kwa asilimia 53 hivi, na Desemba bunge likaibadilisha iwe kama ule mwafaka. Kuna waliosema wamesalitiwa na wakaenda kortini. Sidai ilikuwa kazi safi. Nasema tu kwamba kanisa lililokuwa likisema "hapana" liliulizwa na wagonjwa, "hapana, halafu nini?" na likajaribu kujibu.

Sasa, kabla yule mtu wa chuoni hajashangilia, nikupeleke Oklahoma.

Oklahoma ni jimbo la makanisa. Juni 2018 walipiga kura juu ya bangi ya matibabu. Seneta wao James Lankford, ambaye kabla ya siasa aliongoza kambi kubwa ya vijana wa Baptisti, aliwasihi waikatae. Asilimia 57 hivi wakakubali. Ni wazi kura hizo hazikutoka kwa wapagani peke yao. Katika jimbo kama lile haiwezekani. Watu walimfikiria bibi mwenye saratani, wakaweka alama ya ndiyo. Ilikuwa huruma, na mimi siwezi kuwacheka.

Lakini sheria ile haikuorodhesha magonjwa. Daktari angeweza kukuandikia kwa sababu yoyote. Leseni ya biashara ilikuwa dola 2,500 tu na hakukuwa na kikomo cha leseni. Katika miaka michache jimbo lenye watu milioni 4 likawa na maduka ya bangi zaidi ya 2,000, mengi kuliko jimbo lolote la Marekani, hata California. Mashamba makubwa yakafunguliwa vijijini na watu waliotumia majina ya wengine kama kivuli, mazao yakisafirishwa kwa magendo hadi majimbo mengine. Agosti 2022 serikali ikasimamisha leseni mpya. Novemba mwaka huo watu wanne waliuawa katika shamba moja la bangi. Machi 2023 Oklahoma ilipoulizwa kama sasa iruhusu na bangi ya starehe, asilimia 62 hivi walisema hapana, na kaunti zote 77 zikakataa. Zote.

Nikiziangalia Utah na Oklahoma pamoja, naona walioumia Oklahoma hawakuumizwa na huruma. Waliumizwa na pesa iliyoingia kupitia mlango ambao huruma iliufungua na kuuacha bila mlinzi. Lankford alikuwa ameonya, na naona alikuwa sahihi kuhusu sheria ile.

Basi tugeuke nyumbani, na hapa ndipo siku nne zangu zilipokwenda.

Sisi Kenya tuna sheria ya mihadarati ya mwaka 1994, na kwetu mjadala huu ulikuja kama mzaha. Mwaka 2018 mbunge wa Kibra, Ken Okoth, alileta pendekezo la kuondoa marufuku ya bangi. Nilimtaja madhabahuni na watu wakacheka. Baadaye tukajua kwamba alikuwa akiugua saratani. Alifariki Julai 2019. Sijawahi kuomba msamaha kwa kicheko kile, kwa hivyo nauomba hapa. Kisha 2022 akaja Profesa Wajackoyah na chama cha Roots, akiahidi kulipa deni la taifa kwa bangi, nyoka na sehemu za fisi. Alipata kura zisizofika 62,000. Tulidhani tumemaliza.

Jumapili moja ya msimu ule wa kampeni nilihubiri dhidi ya bangi kwa dakika 50. Ilikuwa mahubiri mazuri, nasema ukweli, watu walisimama. Baada ya ibada mama mmoja alinisubiri kando ya mlango mpaka wote wakaondoka. Akaniambia, "Pasta, ubarikiwe, umesema vizuri. Sasa kijana wangu yuko rumande wiki ya tatu kwa sababu ya msokoto mmoja. Dhamana imetushinda. Nifanye nini?"

Nilimshika mkono, nikamwombea kwa imani. Kisha nikaenda kula mchana kwa mzee wa kanisa.

Sikuuliza yuko gereza gani. Sikuuliza dhamana ni ngapi. Tulikuwa tumechanga pesa Jumapili hiyohiyo za kubadilisha spika. Kijana huyo alikaa ndani miezi kadhaa akisubiri kesi, na aliyetoka si yule aliyeingia. Alijifunza mambo huko ambayo msokoto haumfundishi mtu. Haji kanisani sasa. Mama yake anakuja kila Jumapili, benchi la tatu upande wa kushoto, na nimemwomba ruhusa kuandika haya. Alinijibu, "Andika, pasta, lakini usinitaje."

Nilipokuwa nikisoma yale Robertson aliyoyasema mwaka 2010, kuhusu watoto wanaoingia na kutoka wakiwa kitu kingine, sikuona mhubiri aliyelegea. Niliona lile benchi la tatu.

Kwa hivyo mwanangu wa chuoni, mwambie mwenzako hivi. Ndiyo, wamegawanyika. Hawakugawanyika juu ya kama bangi ni njema kwa mwamini. Hata Robertson na Dobson wangekubaliana hapo. Waligawanyika juu ya nini kifanywe kwa aliyeshikwa nayo, na kwa mgonjwa anayeihitaji. Ukiniuliza mimi, na hapa ni mimi ninayesema, si kanisa zima: nikipewa kura leo juu ya bangi ya starehe nitasema hapana, kwa sababu ya Oklahoma na kwa sababu ya shemasi wetu. Nikiulizwa juu ya dawa iliyopimwa, kwa mtoto wa kifafa, mkononi mwa daktari, nitasema ndiyo na nitalala usingizi. Nikiulizwa kama kijana wa miaka 19 akae rumande miezi kwa msokoto mmoja kwa sababu mama yake hana dhamana, nitasema hapana kwa sauti ileile niliyohubiri nayo dakika 50.

Najua wengine mtanikosoa kwenye maoni, na mna ruhusa. Msitukanane tu.

Wazee wamekubali pesa zilizobaki za spika ziwe mwanzo wa mfuko wa dhamana kwa makosa madogo, na wakili mmoja wa kanisa letu atatuongoza bila malipo. Alhamisi hii tunaenda gerezani. Tutakutana getini kwa kanisa saa mbili asubuhi. Beba sabuni, mswaki na kitambulisho chako, simu uache nyumbani kwa sababu hawatakuruhusu kuingia nayo. Yule mama wa benchi la tatu amesema atakuja.